Dakika ya Mkaguzi

Kijiwe chetu kipo Nyanga, pale barabara ya vumbi inapoanza kupanda kwenda kanisani, mbele ya banda la Elikana fundi baiskeli. Benchi ni moja, mguu wake mmoja mfupi tumeutegea jiwe, na mtu mmoja akicheka wote tunayumba. Katikati hukaa Ta Revocatus, Ta ndilo Bwana kwa Kihaya, naye tunamwita Mkaguzi, kwa sababu alikagua kahawa ya ushirika miaka thelathini na mpaka leo hawezi kupita gunia la mtu bila kuingiza mkono. Awadhi ndiye mwenye birika na jiko la mkaa. Yeye ni Pwani, ingawa aliyetoka Pangani ni babu yake, na yeye mwenyewe maji ya chumvi hajawahi kuyakanyaga. Elikana ni Spoku. Mimi ni Karani, nimestaafu mahakama ya mwanzo, na nakaa mwisho kabisa, karibu na nguzo ya banda, kwa sababu ambayo nimekuwa nikiificha. Alhamisi hiyo upepo wa ziwani ulikuwa hautulii, mawingu yanakuja na kuondoka, vumbi linaingia vikombeni, na kila mtu alikuwa anajigeuzageuza kama aliyekalia siafu.

Mbele yetu, juu ya baiskeli isiyokwenda, alikuwa Ta Kyaruzi. Baiskeli hiyo Spoku aliitengeneza zamani kwa kunolea visu. Gurudumu la nyuma limeinuliwa juu ya stendi ya chuma. Sasa amelitoa jiwe la kunolea, akaikaza breki kidogo ili pedali iwe nzito, na Kyaruzi anaikanyaga jioni mara tatu kwa wiki. Ana miaka sitini na tatu, goti la kulia limechakaa ndani, presha anayo, sukari inamchungulia dirishani. Hospitali walimbandika nyaya kifuani, wakamsikiliza moyo, wakamruhusu. Halafu yule dada wa mazoezi ya viungo akampa karatasi: dakika tano za kupasha mwili, kisha dakika moja ya nguvu, dakika mbili za pole, moja ya nguvu, mbili za pole, mara nne, baadaye mara sita. Na kipimo cha nguvu yenyewe ni mdomo. Ukiweza kumaliza sentensi, hujafika.

Kwa watu wa kijiwe, hiyo ni adhabu. Lakini Kyaruzi alikuwa na sababu. Baba yake, Ta Rugaibula, bado yu hai upande wa Rubya, miaka themanini na tisa, macho yameshaondoka. Ana kibanja kwenye mteremko, migomba na kahawa mpaka chini kijitoni, na mpaka wake umepandwa milamula, ile miti myembamba ambayo Mhaya akiiona anajua hapa pa fulani panaishia. Jirani ameng'oa mitatu. Mzee ameamua kumtembeza mrithi mpaka mzima kabla hajafa, Jumamosi ya wiki ijayo, mkono wake begani kwa mwanawe, mlamula kwa mlamula, kuteremka na kupanda. Kyaruzi akishindwa, atatembezwa mdogo wake aliyeko Mwanza, ambaye ameshasema wazi kwamba atauza. Na mke wa Kyaruzi amezikwa humo, chini ya mgomba wa tatu kutoka mlangoni.

Saa ya kuhesabia dakika ilikuwa ugomvi mwingine. Simu ya Spoku inalia kama gari la wagonjwa, tukaikataa. Ndipo Mkaguzi alipojitolea. Ana kikopo cha kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani zikakaushwa, ambazo kwetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa kilichomleta.

Mkaguzi: Punje moja ikitafunwa vizuri ni dakika moja. Nimelipima jambo hili miaka thelathini. Twende, nimeshaiweka shavuni.

Kyaruzi akainama mbele, akakanyaga. Mnyororo ukaanza kuimba.

Pwani: Mimi hili linaninyima raha. Mtu ana goti bovu, ana moyo wa mashaka, halafu anaambiwa akimbie. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema apande baiskeli.

Spoku: Hakimbii, Pwani. Anaendesha. Uzito wote umekaa kwenye kiti, goti linazunguka tu.

Pwani: Na moyo nao umekaa kwenye kiti?

Spoku: Moyo uko kifuani, walishaupima.

Pwani: Waliupima akiwa amelala. Hata mimi nikilala ni mtu mwema.

Mkaguzi: Tatizo lenyewe ni damu. Wazee walishasema damu ni nzito kuliko maji. Sasa kitu kizito si lazima kisukumwe kwa nguvu? Ndiyo presha hiyo.

Mimi: Hiyo ni methali ya undugu, Mkaguzi.

Mkaguzi: Na presha si hurithiwa ukooni? Undugu unautaka wapi tena?

Mkaguzi akameza, akanyanyua mkono. Kyaruzi akalegeza miguu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Kwa hesabu yangu ya kichwani ile dakika ilikuwa na sekunde kama tisini. Nilijiambia sekunde thelathini si kesi.

Kyaruzi: Mmeniua... ngoja... nipate pumzi. Mmeniua kwa maneno kuliko pedali.

Pwani: Tunakuhurumia, Ta Kyaruzi. Sikiliza. Mungu amempa kila mtu hesabu ya mapigo yake, kama punje za tasbihi. Wewe unayakimbiza. Utayamaliza wakati wenzako wako nusu.

Kyaruzi: Nilimuuliza yule dada neno hilohilo. Akasema moyo uliozoeshwa hupiga machache ukipumzika. Wiki ya kwanza, asubuhi kabla sijatoka kitandani, nilihesabu themanini na nane. Leo sabini na tisa.

Pwani: Unaona? Tisa yameshapotea.

Benchi likayumba. Hata Kyaruzi alicheka, akashika usukani asianguke. Akatueleza kwamba juzi alitoka kwenye kiti cha kanisa bila kumshika mtu, na padre mwenyewe alimtazama. Goti linalalamika jioni, akasema, lakini asubuhi limenyamaza, na karatasi inasema likinyamaza asubuhi hakuna ubaya. Alisema hivyo huku akilipapasa lile goti kama mtu anayembembeleza ng'ombe asipige teke wakati wa kukamuliwa.

Mkaguzi: Ya pili. Punje imeingia.

Mnyororo ukaimba tena.

Spoku: Mimi kama fundi nawaambia, goti ni beringi. Likikauka grisi linasaga chuma kwa chuma. Huwezi kulizungusha kavu kwa kasi, utapata unga. Dawa yake ni supu ya kongoro. Ule mnato wa kwato unashuka moja kwa moja.

Mimi: Unashuka kwa njia gani? Chakula kinakwenda tumboni.

Spoku: Na tumbo liko juu ya goti au chini yake? Kitu cha juu si huteremka?

Mkaguzi: Spoku amesema kweli, ila kongoro la ng'ombe wa siku hizi halina kitu. Ng'ombe wenyewe wanapanda malori. Ng'ombe ambaye hajatembea atampa mtu goti gani?

Pwani: Hapo umegusa. Ng'ombe wa Ngenge je, wale wanaochungwa mbali?

Mkaguzi: Hao sawa. Lakini ukinunua nyama nani anakuonyesha cheti cha kutembea?

Wakaingia katika habari ya vyeti, na Mkaguzi akaanza kusimulia jinsi alivyowahi kukataa magunia kumi na moja ya tajiri mmoja wa Muleba kwa sababu ya punje moja iliyonuka moshi. Anapenda sana hadithi hiyo. Akiifikia ile sehemu ya kunusa, hufumba macho na kuacha kutafuna. Punje ikabaki imelala shavuni, kavu upande mmoja, na mbele yetu Kyaruzi anakanyaga. Niliuona uso wake ukibadilika rangi. Aliinua kidole kimoja. Mkaguzi alikuwa amefumba macho.

Mimi: Mkaguzi, punje.

Mkaguzi: Nini?

Mimi: Tafuna, mtu anakufa.

Akatafuna haraka haraka, akameza, akanyanyua mkono. Kyaruzi alilala juu ya usukani. Safari hii alitutazama tu kwa zamu, mmoja mmoja, na mimi akaniacha wa mwisho. Nikaangalia pembeni. Nilikuwa na saa mkononi muda wote huo, saa nzuri tu, zawadi ya kustaafu. Ningeweza kuhesabu mimi. Lakini mtu akishakubali kazi hapa kijiweni, kumnyang'anya ni kumvua nguo, na mimi nilichagua heshima ya Mkaguzi nikaacha moyo wa Kyaruzi. Naliandika hili kwa aibu.

Pwani akamimina kahawa. Upepo ukapiga mabati ya banda, karatasi ya Kyaruzi ikataka kuruka, Spoku akaiwekea spana juu.

Pwani: Jamani, mimi nadhani kosa si kasi. Ni upepo huu. Upepo wa ziwa unaingia kwa goti, kwa sababu goti ndilo lenye tundu. Unakaa humo baridi. Sasa ukilitikisa kwa nguvu, ule upepo unatoka unapanda juu, unakutana na moyo.

Spoku: Wavuvi wa visiwani basi wangekufa wote.

Pwani: Wavuvi wanavaa buti.

Mkaguzi: Mmoja alikufa. Kule kisiwani, alikimbilia boti, akaanguka.

Spoku: Alianguka majini, Mkaguzi, alikuwa hajui kuogelea. Mimi nilimjua.

Mkaguzi: Angekuwa hajakimbia angefika majini?

Kyaruzi alikuwa anakanyaga pole pole, macho yake juu kule barabara inakopanda. Mkaguzi akachukua punje nyingine, akaipuliza, akaitia mdomoni.

Mkaguzi: Ya tatu.

Mnyororo ukaimba, na hapo ndipo Spoku alipoleta ile nadharia yake, ambayo inaelekea alikuwa amekaa nayo wiki nzima.

Spoku: Sikilizeni. Mimi nimetengeneza baiskeli miaka ishirini na sita, na nimegundua jambo. Baiskeli inayokwenda haimdhuru mtu. Hatari ni hii isiyokwenda.

Mimi: Umeitengeneza wewe.

Spoku: Ndiyo maana naijua. Moyo unahesabu miguu. Miguu imekanyaga, moyo unasema sasa tumefika Muleba. Macho yanaangalia, yanaona bado tupo Nyanga, Pwani huyu hapa, birika hili hapa. Moyo unachanganyikiwa. Umeshafika Muleba unausubiri mwili, na mwili haufiki.

Pwani: Unausubiri wapi?

Spoku: Stendi.

Mkaguzi: Hili lina maana. Mwenda pole hajikwai, lakini huyu haendi kabisa. Atajikwaa na nini?

Pwani: Kwa hiyo moyo ukichoka kusubiri unafanyaje?

Spoku: Unaondoka. Ndiyo hao wanaoanguka ghafla.

Nilitaka kucheka lakini kicheko hakikuja, kwa sababu mimi mwenyewe nina vidonge vya presha nyumbani ndani ya kopo la chai, na nikiamka usiku huwa nausikiliza moyo wangu kwenye mto. Nani anajua unakwenda wapi. Pwani naye alijishika kifua bila kujua. Wakaanza tena kwa sauti kubwa zaidi, kama watu wa matanga wanaojitahidi kuzungumzia mpira. Mkaguzi akasema moyo wa Mhaya hauwezi kusubiri stendi, ungekwenda kwa ndugu kuomba malazi. Spoku akauliza na wa mtu wa Pangani je. Pwani akasema wa kwake hauna safari, upo hapahapa na birika. Kyaruzi alikuwa kimya kama inavyotakiwa katika dakika ya nguvu, na sisi kimya chake tukakizoea. Mkaguzi alirudi kwenye magunia kumi na moja. Alipofika kwenye kunusa, alifumba macho.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Kilichotukatiza ni mwanamke aliyesimama mbele yetu na kikapu, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Nilimfahamu, ni Alistidia, mdogo wake Kyaruzi, anayekaa na mzee kule Rubya. Ana miaka hamsini na minane. Akaweka kikapu chini, akapiga magoti palepale kwenye changarawe, yote mawili, akatusalimu Kihaya mmoja mmoja kama tulivyofunzwa na mama zetu, akangoja tuitikie, kisha akainuka. Hakushika benchi wala goti lake. Aliinuka tu, kama mtu anavyoinuka. Wanaume wanne tulimtazama, na nadhani wote tulifikiri jambo moja, maana hakuna aliyelisema.

Mkaguzi: Karibu, Ma Alistidia. Chukua kahawa.

Akapokea punje kwa mikono miwili, akaitia mdomoni, akatafuna kidogo ndipo akasema.

Alistidia: Nimetumwa na taata. Ta Kyaruzi yuko wapi?

Mkaguzi: Huyo hapo, yuko kwenye dakika...

Tukageuka. Kiti cha baiskeli kilikuwa kitupu. Gurudumu lilikuwa limesimama, na utando wa vumbi ulikuwa umeshatua kwenye kiti. Karatasi ilikuwa palepale chini ya spana.

Alistidia: Yuko wapi?

Mdomo wa Mkaguzi ulibaki wazi na ile punje nikaiona, nzima, haijavunjika hata ganda. Spoku akachungulia nyuma ya banda, akarudi akitikisa kichwa.

Pwani: Labda amekwenda kujisaidia.

Spoku: Choo hiki hapa, kiko wazi.

Alistidia alikuwa ameshatazama juu. Akanyoosha mkono. Katikati ya ule mwinuko wa kanisani, mbali kidogo, mtu mwenye shati la bluu lililolowa mgongo alikuwa amesimama ameshika nguzo ya umeme. Kichwa kilikuwa chini. Mkono mwingine ulikuwa kifuani.

Mkaguzi: Anapumzika huyo. Dakika mbili za pole.

Pwani: Mtu anayepumzika hashiki nguzo.

Mkaguzi: Mimi ndiye mhesabu. Zikifika mbili ataondoka.

Alistidia: Zimefika ngapi?

Mkaguzi akatazama kikopo chake. Sijawahi kumwona mtu mzima akitazama kikopo vile.

Sikumbuki nani aliyeanza kukimbia. Najua mimi niliivuta nguzo ya banda nikasimama, kama ninavyosimama kila siku, na ndiyo sababu ya kukaa pale mwisho. Hapo ndipo siri yangu ilipo. Goti langu la kushoto haliniinui tena mwaka wa pili huu. Nikakimbia nalo hivyohivyo. Spoku alikuwa mbele na spana mkononi, Mungu ndiye anajua ya kufungulia nini. Pwani alishika kanzu kwa mikono yote miwili. Mkaguzi alipoteza kiatu kimoja akakiacha. Watu walitoka milangoni kututazama, mama mmoja akauliza nani kafa, na sisi tunapanda tu, mchanga unateleza, moyo unanipiga masikioni, goti linaniambia Karani, Karani, utanikumbuka. Nilikuwa na hofu kweli. Nilikuwa nawaza kwamba tumemuua mtu kwa maneno, na mimi nilikuwa na saa mkononi.

Kyaruzi alitusikia, akageuka. Mkono haukuwa kifuani. Alikuwa ameshika saa ndogo ya kike, ameining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Ilikuwa ya marehemu mkewe.

Kyaruzi: Mbona mnakimbia? Nani amefariki?

Spoku alifungua mdomo, akafunga. Pwani aliinama akashika magoti. Mkaguzi alisema "tu" halafu akasema "ulikuwa" halafu akakaa chini barabarani na mguu wake mmoja peku. Mimi nilitaka kusema tulidhani umekufa, nikapata neno la kwanza tu. Wanne sisi, tunaoweza kuzungumza tangu saa tisa mpaka muadhini anaadhini, hakuna aliyeweza kumaliza sentensi.

Kyaruzi alitungoja. Alikuwa anahema, ndiyo, lakini kwa utaratibu, kama mtu anayeteka maji kwa zamu.

Kyaruzi: Dakika ya Mkaguzi ilifika nne. Nikaona pumzi zinanitoroka, nikashuka. Nikakaa pale nyuma ya banda mpaka nikatulia kabisa, nikajisikiliza, kifua hakina kitu. Hamkugeuka hata mmoja. Nikasema basi, wiki ya sita yule dada alisema nijaribu mwinuko mfupi, mwendo wa haraka, si mbio. Nikaja kujihesabia mwenyewe.

Akasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Mkaguzi aliangalia vidole vya mguu wake.

Mkaguzi: Nisamehe, Ta Kyaruzi.

Kyaruzi: Nimekusamehe. Lakini saa yangu sasa ni hii.

Alistidia alikuwa amefika. Hakukimbia. Alipanda na kikapu chake kichwani, na sauti yake ilikuwa ileile ya kule chini. Akamsalimia kaka yake, akamtazama miguu kwanza, halafu uso.

Alistidia: Taata anauliza kama utaweza.

Kyaruzi: Mwambie nitaweza. Nitasimama njiani, lakini nitaweza. Na bega la kuwekea mkono wake lipo.

Macho ya Alistidia yalilowa, akayafuta kwa kanga kama anafuta vumbi.

Alistidia: Basi limebaki moja. Mzee anataka mashahidi wawili wasio wa ukoo. Si wa kusimama barabarani na kuonyesha kwa kidole. Watembee naye mpaka mzima, washike kila mlamula, ili kesho na keshokutwa wakiulizwa waseme mguu wangu ulifika. Akasema Kyaruzi ana rafiki zake wa benchi, watu wa maneno mazuri. Nimetumwa niende na majina. Ni nani na nani?

Swali hilo nilikuwa nalijua kuliko wote. Miaka yangu mahakamani nimeandika kesi za mipaka mpaka wino ukaisha, na nimeona vibanja vikipotea kwa sababu shahidi aliulizwa mlamula wa kijitoni uko upande gani wa jiwe, akasema yeye hakuteremka, alionyeshwa akiwa juu. Wakili wa upande wa pili hukaa chini hapohapo akitabasamu.

Pwani akasema ana kanzu, migomba ina utomvu. Spoku akasema Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Mkaguzi akaanza, wahenga walisema, akasita, methali haikuja. Kyaruzi hakutuangalia. Alitazama saa ya mkewe.

Kyaruzi: Sekunde ishirini zimebaki.

Zilipokwisha akaondoka, akapanda, mgongo wa bluu unakwenda mbele haraka haraka, anachechemea kidogo tu kulia. Hakuuliza jibu letu.

Alistidia: Basi nitamwambia mzee mashahidi bado wanazungumza.

Hakusema kwa ubaya. Alikiweka sawa kikapu kichwani ashuke.

Mimi: Andika mimi.

Nilishangaa sauti yangu. Mkaguzi naye alishangaa, akaniuliza, Karani, si huwa unainuka kwa nguzo. Kumbe wote walijua. Miaka miwili nimekaa mwisho wa benchi naficha kitu ambacho kila mtu alikuwa ananistahi asikiseme.

Mimi: Kesho asubuhi nakwenda kupimwa moyo. Wakinikataza nitawaambia. Wasiponikataza, siku hizi tisa nitakanyaga pole pole kwanza, halafu Jumamosi nitashuka naye mpaka kijitoni. Nikichoka nitasimama.

Alistidia: Jina?

Nikamwambia la ubatizo, maana hakuwahi kulisikia. Akalirudia mara mbili ili kulikariri.

Alistidia: Na wa pili?

Chini kule, mbele ya banda, moshi mweusi ulianza kutoka kwenye jiko. Birika lilikuwa limekauka. Pwani aliuona, sote tuliuona, hakuna aliyesogea. Alistidia alisimama anatungoja, mkono mmoja kwenye kikapu, na upepo ukatuletea harufu ya kahawa iliyoungua.